Wakufunzi wa kozi ya ukalimani wa lugha ya ishara kwa masafa: uzoefu wangu

Nimeulizwa na watu kadhaa kama kozi ya ukalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya inasomeka kweli kwa simu, mwanafunzi yuko Kilifi na walimu wako Nairobi na kwingineko. Inasomeka. Nimeimaliza, nimepita mtihani wa vitendo, na sasa kazi hii inanilisha. Ila mfumo wao wa mtandaoni ni wa kawaida tu, wala hauna cha kusifiwa sana. Kilichoibeba kozi ni watu, na ni hao ninaotaka kuwaeleza hapa, wa kupongezwa na wa kulaumiwa. Jina la chuo silitaji, maana nina malalamiko mazito kuhusu ofisi yao na bado tunaandikiana.

Lugha yenyewe haikuwa ngeni kwangu. Kaka yangu ni kiziwi, na nyumbani kwetu watoto wote tulikua tukizungumza kwa mikono. Kanisani nilikuwa nasimama mbele kuwatafsiria viziwi mahubiri miaka mingi kabla ya kozi. Wengi wanaojiunga wako hivyo: ndugu wa viziwi, walimu wa shule maalum, watu wa kanisani na msikitini. Siku ya kwanza mratibu alituambia waziwazi kwamba lugha tumekuja nayo, lakini kazi ya ukalimani hatujaijua, na akatutaka tuwe na subira na wale watakaotufundisha.

Mpangilio ni huu: vipindi vya jioni kwenye Zoom, video za kujirekodi kila wiki, siku chache za ana kwa ana Nairobi mwisho wa muhula, kisha mazoezi ya kazini chini ya mlezi. Ada inalipika kwa awamu kupitia M-Pesa. Hayo yanatosha, twende kwa watu.

Walimu viziwi ndio kozi yenyewe. Walikuwa watatu. Anayefundisha sarufi ana darasa lisilo na sauti kabisa. Unaingia, unazima maikrofoni, na muda wote wa kipindi hakuna neno linalotamkwa. Sisi tunaosikia tumezoea kufuata somo kwa masikio huku macho yakizurura, mtu anasoma ujumbe, mtu anakoroga chai. Kwake huwezi. Ukitoa macho kwenye skrini umepitwa, na yeye anakuona. Anasimamisha somo, anapunga mkono mbele ya kamera mpaka utazame, kisha anakuuliza mwenzako amesema nini. Hakasiriki. Anangoja tu, na darasa zima linangoja naye. Baada ya wiki chache hakuna aliyekuwa akichezea simu.

Kazi zetu alizijibu kwa video, kamwe si kwa maandishi, na hapo ndipo nilipoamini kuwa masafa si kikwazo. Nitoe mfano mmoja. Tulipewa zoezi la mama aliyempeleka mtoto kliniki na daktari anamhoji. Katika lugha ya ishara wahusika huwekewa mahali hewani, tuseme daktari kulia na mama kushoto, na kitenzi kama kuuliza au kupa kinasafiri kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Mwenzetu mmoja wa Kitui aliwaweka vizuri sana mwanzoni. Kufika katikati pande zikabadilika, ikawa mama ndiye anayemuuliza daktari umri wa mtoto. Kwa idhini ya mwenyewe, mwalimu aliichukua video ile, akaisimamisha palepale, akachora maduara mawili mekundu juu ya picha, kisha akairudisha nyuma polepole. Tukaona wote: kiwiko kilikuwa kimegeuka kabla ya macho. Maelekezo yake yalikuwa mafupi, macho yatangulie, mkono ufuate. Kazi yote ile, kuchora na kurekodi, aliifanya kwa ajili ya kosa la nusu sekunde la mwanafunzi mmoja. Nimesoma vyuo vingine ambako insha yangu ilirudi na alama ya vema tu pembeni.

Huyohuyo ndiye aliyetuonyesha kwamba uso ni sehemu ya sarufi. Nyusi zikipanda, umeuliza swali la ndiyo au la. Zikikunjamana, unauliza nani, wapi, lini. Kichwa kikitikisika kinaikanusha sentensi nzima. Wengi tuliotoka kanisani tulikuwa tukiutumia uso kwa hisia peke yake, furaha ya wimbo, huzuni ya mahubiri. Sasa mpeleke mkalimani wa namna hiyo kwa mfamasia. Mikono inasema mgonjwa anatumia dawa fulani, uso haujasema kama ni swali au ni taarifa, na kiziwi anaitikia kwa heshima tu. Mwalimu alitusimamia kwenye nyusi muhula mzima. Kuna waliolalamika kwamba anarudiarudia. Mimi namshukuru.

Wa pili alikuwa mwalimu mwanamke anayejua ishara za pembe nyingi za nchi. Ishara za Kisumu na za Mombasa hazilingani zote, na wanafunzi wa shule nyingi za viziwi walifundishwa kwa ishara zinazofuata mpangilio wa Kiingereza, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuchanganya mitindo miwili katika sentensi moja. Alitufundisha kutulia kwanza, kumsoma mtu dakika mbili tatu kwa mazungumzo ya kawaida, ndipo tuamue tumfuate vipi.

Kipindi chake ambacho sitakisahau ni kile alichomleta bibi mmoja kiziwi ambaye hakuwahi kwenda shule, kupitia simu ya mjukuu wake kijijini. Bibi alikuwa na ishara za nyumbani kwao tu. Sisi wanafunzi hatukuambulia kitu. Mwalimu akaanza kuzungumza naye, na mwalimu wa ukalimani anayesikia akawa anatuletea kwa sauti kile mwalimu kiziwi alichokipata. Ndivyo wakalimani wawili, kiziwi na anayesikia, wanavyofanya kazi pamoja katika kesi ngumu, nami nilikuwa nasoma tu habari zake bila kuziona. Ilipofika kutaka kujua umri wa kitinda mimba wa bibi, mwalimu hakuuliza mwaka. Aliigiza mvua kubwa, maji yakipanda mpaka kiunoni, nyumba zikianguka, yaani mafuriko ya El Niño ya 1997, kisha akaonyesha mtoto wa mgongoni na mtoto anayetembea, bibi achague. Bibi akacheka, akaonyesha tumbo. Alikuwa mjamzito wakati wa mvua zile. Kama ingekuwa mahakamani, hakimu angepata jibu lake, na bibi hakudhalilishwa hata kidogo. Hakuna mkufunzi anayesikia angeweza kutufundisha hilo.

Wa tatu alishika historia na sheria, kwa msisitizo wa mtu aliyewahi kunyimwa mlango. Alitaka Katiba ya 2010 tuitoe kwa ishara, ibara kwa ibara, mpaka itoke bila kufikiri: ya 54 inayompa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, ya 50 inayompa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama mkalimani bila malipo, ya 120 inayoifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Niliona ni kukariri kwa bure mpaka nilipozuiwa na askari wa mlangoni katika ofisi moja ya umma, eti aliyeitwa ni mmoja, wawili hawaingii. Niliitaja ibara ya 54 kwa upole na tukaingia.

Fundi wao wa mitambo sikumtarajia kabisa. Katika vyuo vingi fundi ni namba ya simu isiyopokelewa. Huyu alitupigia mmoja mmoja kabla ya kozi kuanza. Nguo isiyo na maua, rangi isiyofanana na ngozi yako. Taa mbele yako, dirisha lisiwe nyuma. Simu ilale kwa ubavu, picha ianzie juu ya kichwa mpaka kiunoni na viwiko vionekane. Mimi simu yangu niliiegemeza kwenye debe la unga, akasema debe ni zuri kuliko kile kishikio nilichokuwa nataka kununua, maana halitikisiki. Alitueleza pia kwa nini video za kazi turekodi kwa kamera ya simu badala ya kurekodi ndani ya Zoom: mtandao ukipungua nguvu picha inaruka, na herufi za vidole ndizo za kwanza kupotea, jina la herufi tano linamfikia mwalimu na tatu. Mtandao ulipodhoofika kabisa, yeye ndiye aliyekuwa anaamuru kamera zote zizimwe zibaki mbili, ya mwalimu na ya anayejibu. Kwa sisi tunaonunua bando la siku, mtu wa kujali jambo hilo ni msaada mkubwa mno. Na kitu kimoja zaidi: anajua ishara. Si kwa ufasaha, lakini mwalimu kiziwi akipata hitilafu katikati ya kipindi, fundi anaongea naye moja kwa moja bila kutafuta wa kumtafsiria.

Maadili na ukalimani wa mahakamani tulifundishwa na mama mmoja anayesikia, mkalimani wa siku nyingi. Alituanzia na tukio la Desemba 2013 kwenye ibada ya kumkumbuka Nelson Mandela uwanjani Soweto, mtu aliposimama kando ya marais kama mkalimani wa ishara, akipeperusha mikono isiyosema lolote. Viziwi wa Afrika Kusini walipaza sauti siku ileile, akiwamo mbunge kiziwi Wilma Newhoudt-Druchen. Mama huyu hakutaka tumjadili yule bwana. Alitaka tujadili nani alimwajiri, nani alimpima, na kama kulikuwa na kiziwi hata mmoja katika kikao kilichomchagua. Halafu akatugeuzia sisi: kazi inapokuja na unajua imekuzidi, unaikataa kwa maneno gani, na unamwelekeza mteja kwa nani? Tulifanya mazoezi ya kukataa, kwa simu, yeye akiwa ofisa anayebembeleza na kuongeza dau. Kwa mtu mwenye shida ya hela si zoezi jepesi.

Katika mahakama ya kuigiza yeye alikuwa hakimu, na aliharakisha makusudi. Mkalimani husema "mimi" akimaanisha anayezungumza, haongezi, hapunguzi, na akihitaji kuuliza kitu chake mwenyewe anajitaja kuwa ni mkalimani ndiye anayeuliza. Rahisi kuandika. Jaribu huku hakimu anafoka. Alitufundisha pia kudai mwenza katika kazi ndefu, tupokezane kila dakika 20 hadi 30, kwa sababu ubongo ukichoka mikono inaendelea kutembea na maana inabaki nyuma, na wewe mwenyewe hujijui. Alitupa hata namna ya kuliandika hilo kwenye nukuu ya bei ili mteja asije akashangaa kuona watu wawili. Sehemu hii ya kozi imenilipia ada yangu yote.

Mlezi wangu wa mazoezi yuko Mombasa, na kazi yake zaidi ni hospitalini. Alikuja Kilifi kuniangalia nikifanya kazi, akakaa nyuma ya chumba, akaandika, na jioni tukapitia maandishi yake mstari kwa mstari. Nisingemjua vizuri, lakini, kama si jambo lililotokea baadaye. Niliitwa kwa mama mjamzito kiziwi ambaye ilibidi aambiwe kwamba mapigo ya moyo ya mtoto hayaonekani. Maneno ya daktari yalipita kwenye mikono yangu, na majibu ya yule mama yalitoka kwa sauti yangu, kwa "mimi". Usiku ule mlezi alinipigia. Siri ya mgonjwa ni siri, hakuniuliza lolote juu yake. Aliniuliza kama nimekula, nani yuko nami nyumbani, na kama kesho nina kazi. Nilikuwa nayo. Akaichukua yeye, akapanda matatu alfajiri akaja. Sijui kama chuo kinamlipa kwa usiku kama ule, nadhani hapana.

Ndiyo maana ofisi yao inaniuma. Tarehe ya mtihani wa vitendo ilisogezwa, ikasogezwa tena, na taarifa ilitufikia jioni ya kuamkia siku yenyewe, kwa ujumbe mfupi. Wenzetu wa Lodwar na Garissa walikuwa tayari njiani, nauli imekwenda. Karani wa ada hajibu barua pepe, ukipiga simu unaambiwa uandike barua pepe. Vyeti vilichelewa mpaka baadhi yetu wakakosa nafasi za kazi zilizokuwa zinataka nakala. Mratibu aliomba radhi kwa niaba yao na akahangaika kuwarudishia watu nauli, lakini mratibu mmoja hawezi kuwa ofisi nzima.

Hata hayo ningeyasamehe. Nisilolisamehe ni jinsi chuo kinavyowatendea wale walimu watatu. Kwenye orodha ya wafanyakazi wakufunzi wanaosikia wako juu, na mikataba yao ni ya mwaka. Walimu viziwi wako chini kabisa kama wasaidizi, wanalipwa kwa kipindi, na saa zile za kutengeneza video za majibu hazihesabiwi. Yule aliyechora maduara mekundu kwa ajili ya nusu sekunde ya mwanafunzi, alichora kwa muda wake mwenyewe. Mbaya zaidi, kulikuwa na vikao vya wafanyakazi visivyo na mkalimani, katika chuo kinachofundisha ukalimani! Mara mbili wanafunzi tuliombwa tujitolee kuwatafsiria walimu wetu katika vikao hivyo, mambo ya mishahara yakijadiliwa. Tulikataa, kwa maneno yaleyale tuliyofundishwa na mama wa maadili, na yeye alisimama nasi mbele ya wakubwa zake.

Tuliandika barua, darasa zima likatia sahihi. Jibu lililokuja lilisema mwalimu mmoja, mwenye shahada, amepandishwa kuwa mkufunzi kamili, na kwamba vikao sasa vinakodishiwa mkalimani wa nje. Wawili waliobaki wameambiwa wangoje bajeti. Ustadi wa yule mwalimu aliyemhoji bibi hauna shahada inayoupima, na nadhani wanaoamua hawajawahi kuingia darasani kwake wakaona. Barua ya pili tayari imekwenda.

Kama unafikiria kujiunga, chuo hiki au kingine, kabla ya kutuma hela omba mazungumzo ya video na mwalimu kiziwi wa kozi. Dakika kumi zinatosha. Wakikuambia hayupo, au wakakupa msikiaji akueleze habari za walimu viziwi, tafuta kwingine. Uliza majibu ya kazi yanatolewa kwa video au kwa maandishi. Uliza mlezi wako atakuwa nani na yuko kaunti gani, kwa sababu mlezi wa mbali hawezi kukaa nyuma ya chumba. Hakikisha chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyuo vya ufundi, na uliza wanachama wa KSLIA, chama cha wakalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya, walio karibu nawe, watakueleza nani anafundisha vizuri na nani anauza vyeti.

Asiyejua ishara kabisa asianzie hapa. Atumie mwaka mmoja hivi na viziwi wa kwao, kwenye chama chao, kanisani, kwenye mpira, ndipo aje. Walimu watamgundua siku ya kwanza, na hawatampunguzia mwendo.

Nikitoa nyota, walimu viziwi, fundi, mlezi na mama wa maadili nawapa tano kila mmoja bila kusita. Mratibu nne. Ofisi nyota moja, nayo ni kwa sababu ya yule mkalimani wa vikao. Mdogo wangu anataka kujiunga muhula ujao na nimemwambia ajiunge, ila risiti zote azihifadhi, na asinunue tiketi ya Nairobi mpaka mratibu mwenyewe amthibitishie tarehe.